Mbio za Vigari vya Mbao: Nani Atavisimamisha?



Ndugu wazazi, nanyi wanafunzi wetu wapenzi,

Shukrani zote anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake. Baada ya hayo, wazazi kadhaa wametuomba tueleze yaliyotokea siku ya pili ya Idd el-Fitr katika uwanja wa madrasa yetu hapa Lemon Gaba, na kwa nini baada ya tukio lile hatukuufuta mchezo wa vigari bali tuliujenga upya. Tumeona bora tuandike yote, hata yale yanayotutia aibu, kwani mficha maradhi kifo humuumbua.

Mchezo ulivyoanza

Wasomaji wetu walio mbali huenda hawaijui Lemon Gaba. Ni mtaa wa hapa Juba, na jina lake ni la Kiarabu cha Juba, ambamo gaba ni msitu. Leo msitu ni nyumba, vibanda na barabara za vumbi. Sisi Waislamu tunaozungumza Kiswahili hapa tumetoka pande mbalimbali. Wako waliokuja kibiashara kutoka Uganda, Kenya na Tanzania, wako waliotoka Kongo, na wako wenyeji waliorejea baada ya miaka mingi Kakuma. Watoto wetu wakiwa nje huzungumza Kiarabu cha Juba, wakiingia ndani huamkia kwa Kiswahili.

Kila Idd tulikuwa na tatizo moja. Mtoto akishavaa nguo mpya na kupewa pesa zake za sikukuu, hatulii nyumbani. Anatoka barabarani, na barabarani kuna bodaboda na yale malori ya kuuzia maji, ambayo dereva wake hamwoni mtoto mpaka amemfikia. Tulitaka kitu cha kuwaweka watoto uwanjani kuanzia baada ya Dhuhuri hadi Alasiri. Kumbukeni jambo hili, maana tuliwatoa watoto barabarani ili wasigongwe na gari, kisha mmoja wao akagongwa na gari tulilolitengeneza wenyewe.

Mzazi mmoja aliwahi kuishi Omaha, katika jimbo la Nebraska, Marekani, ambako kuna familia nyingi za Sudan Kusini. Yeye ndiye aliyetuletea habari za mbio hizi. Zilianzishwa na Bwana Don Murphy, kiongozi wa skauti wadogo huko Manhattan Beach, California. Mwanawe alitaka kuingia katika mashindano ya magari ya kupanda na kuteremka nayo mlimani, lakini umri ulikuwa haujatosha. Baba akabuni kigari kidogo cha mbao laini ambacho mtoto anakichonga mwenyewe na kukiachia kwenye njia ya mbao yenye mteremko. Mbio za kwanza zilifanyika tarehe 15 Mei 1953. Kigari hakina injini wala betri. Kinasukumwa na uzito wake tu.

Tuliipenda fikra hiyo kwa sababu haina gharama. Seremala wetu alitupa vipande vya misaji vilivyobaki katika kazi zake, akatukatia na magurudumu. Misumari ikawa ekseli. Watoto walikaa na baba zao usiku baada ya Tarawehe wakipiga msasa, na kwa wengine ilikuwa mara ya kwanza baba na mwana kushika kitu kimoja kwa mikono yao. Tuliweka sharti kwamba kigari kisizidi gramu 300 kwenye mizani ya duka. Hatukutoza ada ya kuingia, maana watoto wakichanga pesa kisha mshindi akazichukua, hapo tumekwisha ingia katika kamari. Wazazi walinunua madaftari na kalamu, na kila aliyeshiriki akapata.

Njia ilikuwa na urefu wa mita 10 na mistari mitatu. Ilianzia juu kwa kimo cha mita 1 na sentimita 20, ikateremka, kisha ikalala sawa na ardhi mpaka mstari wa mwisho. Katikati ya kila mstari tulipigilia ubao mwembamba wa kuongoza, na kigari kikaupanda kama mtu aliyepanda punda, magurudumu huku na huku. Kazi hii tuliifanya kwa wiki tatu.

Na mwisho wa njia? Mwisho wa njia tuliweka godoro. Hilo tulilifikiria kwa dakika tano.

Siku yenyewe

Godoro lilikuwa moja, la mtoto, tumeliegemeza kwenye benchi. Liliziba mistari miwili na nusu ya mstari wa tatu. Kila kigari kilipogonga, godoro lilisogea kidogo, na kila mara mmoja wetu alilirudisha, mpaka tulipojisahau. Watoto walikuwa wamepiga magoti pande zote mbili za mwisho, kwa sababu ndipo penye raha, na kwa sababu kila mtoto alitaka kukidaka kigari chake kabla hakijachubuka.

Katika duru ya tisa, kigari cha mstari wa tatu hakikukuta godoro. Kilikuta mguu wa benchi, kikaruka kando, kikampiga mtoto wa miaka sita aliyekuwa ameinama kukingoja kigari cha kaka yake. Kilimpiga juu ya jicho la kulia. Uwanja mzima ulinyamaza, kisha tukasikia kilio.

Tulimkimbiza kwenye zahanati akashonwa nyuzi tatu. Aliyemshona alituonyesha kwa ncha ya kidole umbali uliobaki kufika kwenye jicho. Kilikuwa kidogo kuliko ukucha. Alhamdulillah, jicho lilisalimika. Kaka yake, mwenye miaka kumi, alikaa nje ya zahanati akiwa na kigari chake mkononi, akilia kuliko aliyeumia. Tulipomuuliza alisema yeye ndiye aliyemwambia mdogo wake akae pale.

Usiku ule baada ya Isha tulikaa kikao. Wengine walisema mchezo ufutwe. Wengine walisema hii ni Qadar ya Allah, na lililoandikwa haliepukiki, kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa. Maneno hayo ni ya kweli, na kusema kweli yalitupa faraja, kwa sababu yalituondolea mzigo. Ndipo mama wa mtoto, aliyekuwa amekaa upande wa akina mama na hajasema neno tangu mchana, akasema: “Ustadhi, Qadar ni ya Allah. Lakini godoro lilikuwa lenu.”

Hakuna aliyejibu.

Tuliyojikumbusha

Tunajua sote kisa cha yule mtu aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kama amfunge ngamia wake na kumtegemea Allah, au amwache huru na kumtegemea Allah. Katika riwaya ya Tirmidhi, Mtume alimwelekeza amfunge, kisha ategemee. Kisa hiki tunawafundisha watoto kila mwaka. Sisi wakubwa ndio tuliokisahau. Tulimwacha ngamia bila kamba, na alipopotea tukataka kuitaja tawakkul.

Ustadhi wetu alitukumbusha na kisa kingine. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alipanga mbio za farasi hapo Madina. Wale waliofanyiwa mazoezi walikimbizwa kutoka al-Hafya hadi Thaniyyatul Wadaa, umbali unaotajwa kuwa maili tano au sita. Wale ambao hawakufanyiwa mazoezi walikimbizwa kutoka hapo Thaniyya hadi msikiti wa Bani Zurayq, kiasi cha maili moja tu. Abdullah bin Umar (r.a.), kijana wakati ule, alikuwa miongoni mwa walioshindana, na katika riwaya ya Muslim anaeleza kwamba alifika mbele na farasi wake akaruka naye msikitini.

Tumekisoma kisa hicho mara nyingi kama dalili kwamba mashindano ya halali yanaruhusiwa, na ndivyo wanazuoni walivyokitumia. Safari hii tuliyaona mambo mawili ambayo hatukuyatazama kabla. La kwanza ni kwamba mwenye mbio alipima. Farasi asiyezoezwa hakupewa umbali wa aliyezoezwa. La pili ni kwamba mstari wa mwisho haumsimamishi anayekimbia. Farasi wa Ibn Umar alikwisha shinda na bado alikuwa na mwendo. Huo mwendo lazima uende mahali.

Mwendo unakwenda wapi?

Swali hilo tulimpa mwanafunzi wetu mmoja wa sekondari, naye akarudi na karatasi ya hesabu. Tunaiweka hapa kwa faida ya wanafunzi wengine.

Kigari cha gramu 300 kikiachiwa kutoka kimo chetu hufika chini kwa mwendo wa karibu mita 4 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 14 kwa saa. Nguvu kiliyobeba haipotei, sharti itumike katika kusimama. Ukiigawanya katika umbali mrefu inakuwa ndogo, na ukiibana katika umbali mfupi inakuwa kubwa. Kigari kikigonga mbao ngumu na kusimama ndani ya milimita 2, msukumo wake ni sawa na uzito wa kilo 120. Kikizama sentimita 10 katika godoro, ni kilo 2 na nusu. Kikipewa mita 1 na nusu ya kupunguza mwendo taratibu, ni gramu 160 tu, pungufu ya uzito wa kigari chenyewe.

Kigari ni kilekile na mwendo ni uleule. Tofauti ya kilo 120 na gramu 160 ni nafasi aliyopewa ya kusimama. Na nafasi hiyo ndiyo ambayo sisi hatukuitoa.

Mzazi mmoja ni dereva wa lori anayeleta mizigo Juba kutoka Mombasa kupitia Nakuru, Malaba na Nimule. Alisoma karatasi ile akacheka. Akasema mambo haya madereva wanayajua bila kalamu, maana mteremko wa Salgaa umekwisha kuwafundisha. Anayeanza kukumbuka breki akiwa katikati ya mteremko, breki humchemkia na kumkimbia. Mwenye akili huweka gia nzito akiwa bado juu. “Kusimama,” alisema, “kunaanza mapema.”

Jinsi tulivyojenga breki

Tuliyajaribu mambo kadhaa. Mchanga ulisimamisha vizuri, lakini uliingia kwenye ekseli na kigari hakikukimbia tena. Kupandisha mwisho wa njia kama mlima kulionekana jambo la busara, lakini kigari chenye mwendo ule kinaweza kupanda kiasi cha sentimita 80, kisha kinarudi kinyumenyume na kugongana na wenzake.

Aliyetuokoa ni seremala. Yeye alikulia Goma, ambako watu hubeba viazi, makaa na mbao kwa chukudu, ile baiskeli kubwa ya mbao isiyo na pedali. Alisema mwenye chukudu akiteremka na mzigo hukanyaga kipande cha tairi kikasugua gurudumu la nyuma. Mpira juu ya mbao, hiyo ndiyo breki ya maskini. Mzazi wetu wa Omaha naye akakumbuka kwamba kule Marekani njia nyingi zinainua kigari kwa tumbo lake mwishoni, magurudumu yakabaki hewani. Tukaunganisha mawili haya.

Ubao wetu wa kuongoza una unene wa milimita 6, na tumbo la kigari liko milimita 10 kutoka chini. Tuliongeza mita 3 za njia baada ya mstari wa mwisho, na humo tukaupandisha ubao ule polepole mpaka milimita 14. Kigari kikifika hapo, tumbo linalalia ubao, magurudumu yanaachana na njia, na kinaanza kuteleza badala ya kubingirika. Juu ya ubao tuligundisha mpira wa ndani wa pikipiki uliochakaa.

Jaribio la kwanza lilishindwa. Tuliupandisha ubao kwa ghafla, na kigari kikaruka kama panzi. La pili pia lilishindwa. Mteremko ulikuwa mzuri, lakini mpira ulianza mara moja, ukakishika kigari kwa pua na kukibinua. La tatu tuliweka kipande cha zulia kuukuu katika mita ya kwanza, kisha mpira katika mita mbili zilizofuata. Hapo kigari kikapungua, kikapungua, kikasimama chenyewe. Tulikirudia kile kizito kuliko vyote mara 20 kabla hatujamwita mtoto hata mmoja, na mara zote 20 kilisimama kabla ya kufika mwisho wa mpira.

Kwa wanaotaka kujenga yao, haya ndiyo tuliyojifunza:

1. Gundisha mpira kwa gundi, usipigilie misumari. Kichwa cha msumari kinakamata kigari.

2. Tumbo la kigari liwe bapa na lisiwe na msumari unaochomoza. Kikague kabla ya mbio.

3. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kila baada ya duru chache. Mpira wenye vumbi unateleza.

4. Weka godoro nene mwishoni hata kama breki inafanya kazi, lizibe mistari yote na lifungwe lisisogee. Breki ikishindwa, godoro lipo.

5. Fungeni kamba mita 2 kutoka njiani, pande zote mbili na mwishoni. Hakuna mtoto anayedaka. Mtu mzima mmoja ndiye anayetoa vigari, na hakuna kinachoachiwa juu mpaka ameinua mkono.

Hili la tano ndilo gumu, na ndilo muhimu. Ukishajenga breki nzuri, wazazi hujiamini na kuacha kutazama.

Idd el-Adha

Miezi miwili na siku kadhaa baadaye tuliitisha mbio tena. Hatukumlazimisha mtu. Familia nne hazikuja, na hatuwalaumu. Familia ya mtoto yule ilikuja, lakini mama yake alisimama mbali, karibu na lango, amemshika mkono.

Kabla ya kuanza tulimwomba kaka yake mkubwa akiachie kigari chake peke yake, mistari mingine ikiwa mitupu. Alisita. Kilikuwa kigari kilekile, hakukigusa tangu siku ile. Alikiweka juu, akakiachia, akafumba macho. Kigari kiliteremka, kikavuka mstari, kikapanda zulia, kikaingia kwenye mpira na kusimama kimya. Aliyefumba macho alidhani kimetoka njiani, kwa sababu hakusikia kishindo. Mdogo wake ndiye aliyemwambia, kutoka kule langoni: “Kimesimama!”

Baada ya duru chache mama aliusogelea ule mwisho wa njia. Alipitisha kiganja juu ya mpira, akasukuma godoro kwa goti kuona kama litasogea. Halikusogea. Hakutusifu na hatukutarajia sifa. Alirudi nyuma ya kamba akamwachia mwanawe mkono, na hiyo ikatutosha.

Siku ile duru zilikuwa 26. Aliyeshinda alikuwa msichana wa darasa la nne, ambaye babake alikuwa safarini, na aliyekipiga msasa kigari chake ni nyanya yake. Hakuna aliyezungumzia breki. Breki ikifanya kazi yake hakuna anayeikumbuka.

Neno kwa wazazi na vijana

Ndugu zetu, hatuandiki haya kwa ajili ya vigari tu. Tunawafundisha watoto wetu kukimbia. Tunataka wapite mitihani, wapate kazi, wanunue pikipiki, wafike mbali. Wiki tatu tunajenga mteremko, na mwisho wa njia tunaufikiria kwa dakika tano. Kijana anapewa pikipiki kabla hajafundishwa kupunguza mwendo mbele ya shule. Mwingine anafundishwa kusema, hafundishwi kunyamaza. Kisha jambo likitokea tunasema imeandikwa.

Ndiyo, imeandikwa. Nasi pia tutaulizwa godoro lilikuwa la nani.

Tunamwomba Allah (s.w.) awalinde watoto wetu na atusamehe pale tulipozembea. Mtoto yule anaendelea vyema, na alama juu ya jicho lake imebaki kama mstari mwembamba. Kila tukiiona darasani inatukumbusha kazi yetu. Inshaallah Idd ijayo mbio zitaendelea, na vigari vianze kupigwa msasa mapema.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.